Kijiti cha Vidole Kumi na Viwili

"Kivuli cha ng'ambo hakipimi jua la hapa." Mlimsikia Mama Zaituni akimwambia hivyo yule bwana shamba aliyekuja na kalenda ya kupandia ya nchi nyingine, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Kaeni. Sogezeni hizo saa ninazozitengeneza pembeni msije mkazikalia, mwenyewe anazijia kesho. Chanzo cha methali hiyo ninakijua, kwa sababu bibi yangu, Bi Mwanaheri, alikuwapo.

Nyumba ya pili kutoka kwetu, hapa hapa Tanga, enzi za Mwingereza, aliishi Mhindu mmoja jina lake Labhshankar. Watu walimwita Maharaji. Kazi yake ilikuwa kusoma nyota kwa njia ya kale ya Wahindu. Mtoto akizaliwa, aliandika siku, saa na mahali, akachora umbo la vyumba kumi na viwili, akaipanga kila sayari chumbani mwake. Elimu hiyo alifundishwa na baba yake, mzee Revashankar, ambaye alifundishwa na mwalimu wake kule Kathiawar, Bara Hindi, naye na wake, majina kumi na moja kurudi nyuma. Kila asubuhi mwanafunzi huyataja majina hayo yote kabla ya kufungua kitabu. Kitabu chenyewe hunakiliwa kwa mkono, neno kwa neno. Na jambo alilolipima mwalimu, mwanafunzi halipimi tena. Kulipima ni kama kumwambia mwalimu wako kuwa ni mwongo.

Maharaji hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Hemlata, aliyezaliwa hapa hapa Tanga. Alipofika miaka kumi na minane alikuja kumposa kijana aitwaye Prabhulal. Binti aliridhia, na nyumba zote mbili zilifurahi. Mzee Revashankar, ambaye bado alikuwa hai, akaitazama nyota ya mjukuu wake. Sayari ya Mirihi ilikuwa katika chumba cha saba, chumba cha ndoa.

"Huyu ataua mume," akasema.

Posa ikavunjwa. Prabhulal akaoa kwingine. Mzee akafa baadaye, lakini neno lake halikufa naye. Hakuna aliyekuja tena kuposa. Hemlata akakaa nyumbani. Baada ya miaka mitatu baba yake, sijui kwa huruma au kwa upweke, akaanza kumfundisha elimu ile. Msichana akasoma miaka mitatu mingine.

Desturi yao ilikuwa hivi: mwanafunzi akimaliza kunakili kitabu, huichora nyota yake mwenyewe mbele ya mwalimu, kuanzia mwanzo, bila kutazama ile ya zamani. Hemlata aliingoja siku hiyo kwa hofu. Alitaka kuliona mwenyewe, kwa mkono wake, hilo la kuua mtu.

Siku ikaangukia mwezi wa Machi, mchana na usiku vilipolingana. Bibi yangu alikuwa uani kwao, amekwenda kurudisha chekeche. Hemlata akasoma kwa sauti mafundisho ya kwanza ya kitabu: siku mchana na usiku vinapolingana, chomeka kijiti cha urefu wa vidole kumi na viwili mahali ulipo, upime kivuli cha adhuhuri. Kwa kivuli hicho hujulikana jinsi nyota zinavyochomoza mahali hapo, na chumba cha kwanza kianzie wapi. Chini ya maneno hayo babu yake alikuwa ameandika: vidole vitano kasorobo, kaskazini.

"Baba," Hemlata akauliza, "kijiti hiki kilichomekwa wapi?"

"Kwa mwalimu wa babu yako. Kathiawar."

"Na hapa Tanga?"

Maharaji akacheka. "Jua ni moja, mwanangu."

"Ndiyo, Baba. Lakini kitabu kinasema mahali ulipo."

Maharaji akakivuta kitabu karibu. Maneno hayo alikuwa ameyasoma kila siku tangu utoto wake.

"Maharaji, mwache mtoto achomeke kijiti chake," bibi yangu akadakia. "Kwani mhogo huo, useme utaota?"

Akakubali, ili mradi wamalize. Hemlata akasawazisha mchanga, akachomeka kijiti, akakinyoosha kwa uzi uliofungwa jiwe. Wakangoja. Kivuli kikafupika, kikazidi kufupika. Adhuhuri ilipofika kilikuwa kidole kimoja tu, na kilielekea kusini.

"Umekipinda," Maharaji akasema.

Akaking'oa, akakichomeka mwenyewe, akapima kwa uzi mara tatu. Kidole kimoja, kusini. Akainua uso kulitazama jua, kama mtu anayetaka kulisahihisha. Bibi alisema uso wake uligeuka majivu. Mtu yule, ambaye hakuwahi kukaa pasipo mkeka, aliketi mchangani na nguo yake nyeupe.

Hemlata akapiga hesabu pale pale kwenye kibao. Chumba cha kwanza kilisogea hatua moja. Mirihi ikatoka katika chumba cha saba, ikaingia cha sita.

"Cha sita ni cha nini?" Bibi akauliza.

"Cha maadui na magonjwa, Bibi. Hakina neno na mume."

Bibi akafungua kinywa apige vigelegele. Akamtazama Hemlata, akakifunga.

"Miaka sita, Baba," Hemlata akasema. "Miaka sita mwanamume akinisalimu njiani naharakisha kupita, nisije nikamuua."

Maharaji akaking'oa kijiti, akakipangusa mchanga. Kisha akasema, "Babu yako alipokwenda kuivunja posa yako, mimi ndiye niliyemshikia mwavuli." Akageuza kichwa kuelekea ndani, lilikokuwa sanduku lenye nakala za nyota za watoto wote wa jamaa zao waliozaliwa hapa kwa miaka arobaini. "Sanduku zima," akasema. "Hemlata, sanduku zima."

Jumapili alisimama hekaluni, kijiti mkononi, akawaeleza watu wake. Mjomba wa Prabhulal akamwambia, "Maharaji, keti. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Binti yangu anajua," akajibu.

Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye hakuolewa maisha yake yote, alisimama, akautupa miguuni mwa Maharaji waraka wa nyota yake, akatoka bila kusema neno. Maharaji aliuokota, akaukunja, akauweka kifuani.

Kesho yake bibi yangu alimkuta mlangoni. "Maharaji, umewaambia nini watu hata mji mzima unavuma?"

"Nimewaambia kivuli cha ng'ambo hakipimi jua la hapa."

Bibi akayabeba maneno hayo hadi sokoni, na toka siku hiyo hayajarudi nyumbani.

Hemlata na baba yake walilichora upya sanduku lile kwa miaka miwili. Baadaye Hemlata aliolewa na mwalimu wa shule kutoka Korogwe, na mume huyo, akiwa mzee wa miaka themanini na moja, ndiye aliyemzika yeye. Kitabu nilikiona kwa macho yangu. Jina la mwalimu hata mmoja halikufutwa, wala vile vidole vitano kasorobo. Chini yake tu Hemlata ameongeza: Tanga, kidole kimoja, kusini. Nawe uliye kwingine, chomeka chako.

Kwa hiyo msimcheke bwana shamba. Kalenda yake si ya uongo. Huko ilikoandikwa, mvua huifuata. Ila hajachomeka kijiti. Mama Zaituni hakumtukana, alimkumbusha tu kwamba kivuli cha ng'ambo hakipimi jua la hapa.