Chozi la Mwenyekiti

"Aliyekupokea ukilia, msindikize ukilia." Mmeisikia leo mazikoni, sasa mnaniuliza ni wahenga gani walioisema. Wahenga! Aliyeisema yu hai, anauza maandazi pale njia panda, na mkimwita mhenga atawafukuza na mwiko. Kaeni niwaambie ilikoanzia.

Alipofariki Mwalimu Twilumba, aliyefundisha chekechea hapa kijijini miaka thelathini na tisa, mwenyekiti wetu alikuwa Nolasko Mgaya. Huyo alikuwa mtu wa ratiba. Ndiye aliyeamuru maziko yaanze saa nane, saa tisa watu wawe wametawanyika, na mwanamume asilie hadharani. "Kilio hakifufui mtu," alikuwa akisema. Watu waliitikia tu, maana ukimbishia Nolasko utakesha hapo.

Safari hii amri ilimkaba mwenyewe. Asubuhi ile, akiandika wasifu wa marehemu, alirarua karatasi tatu. Alimpenda yule mama, tena mno. Na alijijua: likimdondoka chozi moja mbele ya watu, la pili hataliweza, na yeye atakuwa kichekesho cha kilabuni mwaka mzima. Akaapa kusoma haraka haraka na kukaa.

Saa nane akasimama kando ya jeneza. Akasoma mwaka wa kuzaliwa, akasoma ubatizo, sauti kavu kama ya karani. Alipofika kwenye neno "chekechea", koo likagoma. Akakohoa, akaurudia mstari. Likagoma tena.

"Vumbi," alisema. Na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri!

Vijana wa nyuma wakaanza kutekenyana mbavu. Nolasko akajifuta uso kwa karatasi ile ile, wino ukamchafua shavu. "Yatosha," akasema. "Padre aendelee, muda umekwisha."

Ndipo aliposimama Melania, muuza maandazi, aliyesoma naye chekechea.

"Nolasko!" Hakumwita mwenyekiti. "Unaikumbuka siku yetu ya kwanza shuleni?"

"Melania, kaa chini. Tuna ratiba."

"Ulimng'ang'ania mama yako mpaka kanga ikachanika. Sote tulilia, lakini wewe ulilia hadi ukatapika. Mwalimu alikwambia unyamaze?"

Nolasko aliangalia chini.

"Hakuniambia," alijibu.

"Alifanya nini?"

"Alinipakata. Akasema... akasema, 'Lia, baba, mimi sina haraka.' Akanipakata mpaka saa ya uji."

"Haya! Mwenzio hakukuonea haya na matapishi yako. Leo unamsindikiza kama unakagua vyoo vya kijiji! Nolasko, aliyekupokea ukilia, msindikize ukilia."

Loo! Mwenyekiti alilia. Alilia kwa sauti, kiganja juu ya jeneza, akiita, "Mwalimu, Mwalimu," kama mtoto anayeomba ruhusa. Wale vijana hawakucheka tena, kwa kuwa hata wao walipokelewa mlangoni na mikono ile ile. Wazee wenye mvi walilia. Seremala aliyelichonga jeneza alikaa kwenye matope akalia. Padre alifunga kitabu chake akangoja, naye hakuwa mtu wa kungoja. Jeneza lilishushwa saa kumi na nusu, likashushwa na wanaume wenye macho mekundu, na halikuyumba hata kidogo.

Wasifu ule haukumalizwa kusomwa. Wiki iliyofuata Nolasko aliifuta amri yake mkutanoni, wala hakuna aliyemtania kilabuni. Alisema jambo moja tu: kwamba kwa saa mbili na nusu zile alimjua marehemu kuliko alivyomjua alipokuwa hai, na kwamba angekwenda nyumbani bila kulia angekuwa amemzika mtu asiyemfahamu.

Basi tangu siku hiyo, hapa kwetu, mtu akionekana anakaza meno mbele ya jeneza la aliyemlea, jirani humgusa bega na kumwambia polepole: aliyekupokea ukilia, msindikize ukilia.