Sina Risasi, Sina Ganda

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, zamani ambayo kofia zake bado zinavaliwa, palikuwa na chuo cha kufundishia askari. Mko macho? Basi kaeni macho, maana mwishoni mimi sitajibu kitu. Mtajibu nyinyi.

Chuo kilikuwa juu ya kilima cha mawe, na kila mwaka, siku ya kufunga mafunzo, kilitoa filimbi moja. Filimbi ya fedha, yenye mnyororo. Haikutolewa kwa mwenye shabaha. Haikutolewa kwa mwenye kifua. Haikutolewa kwa anayejua sheria zote kwa kichwa. Ilitolewa kwa kuruta mmoja tu, yule ambaye chuo kizima kiliweza kumwamini, na mwenye filimbi ndiye aliyetangulia kupangiwa doria ya mitaani, katikati ya watu na milango yao.

Mwaka huo filimbi iliwaniwa na watatu.

Wa kwanza Sikuzani, binti wa Pangani, mwenye macho yasiyokosa kitu. Angekuambia kifungo chako kimelegea kabla hujamaliza kuvaa shati. Wa pili Nyamizi, binti wa Urambo, mkimya, mtiifu. Akiambiwa simama, anasimama hata nyuki wakija. Hawa wawili walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Sikuzani juu, Nyamizi chini, wakichangia sabuni na siri.

Wa tatu Zebedayo, kijana wa kando ya pori la wanyama. Kaka yake alikuwa jela kwa kuua tembo. Zebedayo alilisema mwenyewe siku ya usaili, ili asije akasemewa na wengine. Afadhali angenyamaza. Tangu siku hiyo, kijiko kikipotea bwaloni, macho yalianzia kwake. Ndoo ikipotea bafuni, macho yalianzia kwake. Kijiko kikionekana, ndoo ikionekana, hakuna aliyemwambia pole.

Sasa sikilizeni sheria ya uwanja wa shabaha, maana hadithi yote imelala juu yake. Risasi ikipigwa huacha ganda. Maganda huokotwa, huhesabiwa, hurudishwa. Ganda likikosekana, nani atajua kama risasi yake ilipigwa au ilitiwa mfukoni? Na risasi iliyotiwa mfukoni ina wanunuzi wake. Kwa hiyo kila wakimaliza kupiga, makuruta walisimama, wakageuza mifuko nje, wakainua mikono, wakapaza sauti kwa pamoja:

"Sina risasi, sina ganda, afande!"

Hicho ndicho kilikuwa kiapo chao. Walikiapa miezi yote. Wengine walikiapa usingizini.

Siku ya mwisho ya shabaha, wale watatu walilala kifudifudi bega kwa bega. Sikuzani kushoto, Zebedayo katikati, Nyamizi kulia. Bunduki zao zilitema maganda upande wa kulia. Nyuma yao alisimama Afande Chilongola, mkufunzi wa silaha, mtu ambaye hata akisema habari za asubuhi unajikagua vifungo.

"Atakayenyanyuka kabla sijaamuru," alisema, "atanyanyuka moja kwa moja mpaka kwao. Piga!"

Wakapiga. Katikati ya mlio Nyamizi alishtuka, kidogo tu, kisha akatulia tuli. Wakamaliza. Wakasimama. Wakainua mikono. "Sina risasi, sina ganda, afande!"

Maganda yakahesabiwa. Kwa Sikuzani, kamili. Kwa Nyamizi, kamili. Kwa Zebedayo, moja halipo.

"Zebedayo."

"Afande!"

"Ganda liko wapi?"

"Nilipiga zote, afande."

"Nimekuuliza kupiga? Nimekuuliza ganda."

Akavuliwa buti. Akavuliwa soksi. Kofia ikapinduliwa, magazini ya bunduki yake ikafunguliwa, mifuko ikapekuliwa tena. Ganda halipo.

Afande Chilongola akawageukia makuruta wote. "Hakuna maji. Hakuna chakula. Hakuna kivuli. Mtalitafuta. Likipatikana ardhini, tutamshukuru Mungu. Likipatikana mwilini mwa mtu, huyo ameniapia uongo, na leo hii anaondoka. Lisipopatikana kabisa, Zebedayo analala mahabusu, na kesho anasomewa shtaka la kuficha risasi."

Wakapiga magoti, wakasogea mstari mmoja, vidole mchangani. Lakini nani alikuwa anatazama mchanga? Kila mtu alitazama mkono wa jirani yake. Maana anayeliokota anaweza kuwa ndiye aliyelidondosha, na kila mmoja alitaka kuwa shahidi. Mkono ukienda kujikuna, macho kumi yaliusindikiza. Mkono ukienda kufuta jasho, macho kumi yaliurudisha.

"Zebe," sauti moja ikatoka nyuma, "kama umelimeza sema, tukutafutie papai."

Wakacheka, midomo mikavu.

"Kaka mtu kaua tembo," mwingine akaongeza, "mdogo mtu anatuua sisi."

Hapo hawakucheka. Walisogea tu, mmoja mmoja, mpaka kushoto kwa Zebedayo pakawa patupu, na kulia kwake pakawa patupu. Wakatafuta. Ganda halipo.

Nyamizi alipoinama, kola ya kombati yake ikafunguka, na Sikuzani, yule wa macho, akaona alama nyekundu, changa, mbichi.

"Shoga, shingoni kuna nini?"

"Siafu."

"Siafu gani wa jua hili?"

"Basi jasho."

"Jasho haliunguzi, Nyamizi."

"Niache, dada. Tafuta ganda."

Sikuzani akatambaa mpaka kwenye ule utupu wa Zebedayo. Wenzake wakamtazama vibaya.

"Zebe, wewe ulikuwa katikati. Uliona nini?"

"Niliona shabaha."

"Usinifanye mjinga."

"Niliona mtu akishtuka. Kushtuka si kosa."

"Nani?"

Zebedayo akaendelea kuchuja mchanga kwa vidole. "Dada Siku, mimi tangu nifike hapa natajwa kwa kudhaniwa. Sitamtaja mtu kwa kudhani."

"Watakupeleka ndani!"

"Najua wanakonipeleka. Nimeshakwenda kumtembelea kaka."

Wakatafuta mpaka mchanga wa uwanja mzima ukawa umegeuzwa kama shamba linalosubiri mvua. Ndoo ya maji ilikuwa palepale, chini ya banda, imefunikwa sahani, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Ganda halipo.

Basi gari la mahabusu likaletwa. Zebedayo akaamriwa avue mkanda. Akauvua, akaukunja vizuri, akaukabidhi. Akaamriwa avue kofia. Akaivua. Pale alipoweka mguu kwenye ngazi ya gari, mkono wa Sikuzani ukanyooka juu.

"Afande! Ganda najua lilipo."

Kabla hajatamka jina, Nyamizi alikuwa ameshatoka mstarini. Akaingiza mkono ndani ya shati, kwenye mkanda kiunoni, akatoa kitu kidogo cha rangi ya shaba, akakiweka mchangani mbele ya buti za Afande Chilongola.

"Lilikuwa kwangu, afande."

Hapa ndugu zangu naomba msikilize vizuri, maana makuruta wenyewe mpaka leo wanabishana. Waliokuwa mbele wanasema neno la Sikuzani lilitangulia, ndipo mguu wa Nyamizi ukatoka. Waliokuwa nyuma wanasema mguu ulitangulia, ndipo neno likatoka. Na waliokuwa katikati wanasema walikuwa wanaitazama ile ndoo.

Watatu wakapelekwa kwa Mkuu wa Chuo, Afande Bihemo, mwanamke wa sauti ya chini, ambaye watu walinyamaza ili wamsikie. Filimbi ilikuwa mezani, kwenye kitambaa. Afande Chilongola akasimama mlangoni.

"Afande," Chilongola akasema, "huyu binti aondoke. Aliapa uongo."

"Alilitoa kabla hajapekuliwa," Bihemo akajibu. "Haondoki. Hilo nimelifunga. Kesho ni gwaride. Nina filimbi moja na watu watatu, na nawatilia shaka wote. Semeni."

Akaanza Nyamizi.

"Afande, ganda la Zebedayo liliruka likaingia kwenye kola yangu. Lilikuwa la moto. Liliniunguza shingo, likashuka na mgongo, na mimi sikunyanyuka. Kama ningeruka, ningeruka mbele ya bunduki za wenzangu, na wao walikuwa na vidole kwenye vifyatulio. Nililala. Nilitii. Kwa maumivu yale sikulisikia tena, nikadhani limeshadondoka. Tuliposimama, kiapo kikatoka kwa pamoja, na kinywa changu kikaenda na vya wenzangu. Nilipoinama kuchukua magazini ndipo nikalisikia kiunoni. Nilitaka kulidondosha mchangani. Kila mkono wangu ukisogea, watu walikuwa wanautazama. Lakini mwenzangu alipopanda gari, nililitoa, nikijua nafukuzwa. Mguu wangu ulitangulia. Filimbi ni ya anayevumilia, na anayejitoa mwenyewe."

"Anayejitoa mwenyewe baada ya mwenzake kuvuliwa mkanda!" Sikuzani akamkatiza. "Jua lote lile, Nyamizi! Ulimwona akitukanwa, ukawa unachuja mchanga pamoja nasi, unatafuta kitu ambacho unakijua kilipo!"

"Sema lako, Sikuzani," Bihemo akasema.

"Langu fupi, afande. Wote walikuwa na macho. Mimi ndiye niliyeona. Niliona alama, nikamuuliza aliyekuwa katikati, nikajua. Huyu ni shoga yangu. Kanga niliyoletewa na mama nimemkatia nusu. Lakini mtu asiye na kosa alikuwa anapanda gari, na mimi nikainua mkono, nikijua leo nalala juu ya kitanda cha mtu asiyenisemesha. Bila mkono wangu, Zebedayo yuko ndani sasa hivi. Filimbi ni ya anayeona, na anayesema hata kama anamuumiza wake."

"Na anayetaka filimbi," Nyamizi akasema polepole. "Uliniona shingo mapema, dada. Kwa nini hukunishika mkono ukaniambia twende wote? Ulisubiri gari lije, na watu wote wawe wanatazama."

Na kweli Sikuzani alisubiri. Labda alikuwa anampa rafiki nafasi. Labda alikuwa anajipa mwenyewe. Nani alimwingia moyoni?

"Zebedayo," Bihemo akaita.

Zebedayo alikuwa bado hana mkanda; suruali ameishika kwa mkono.

"Afande, mimi sikufanya kitu. Hicho ndicho ninachodai. Nilitukanwa, sikutukana. Nilidhaniwa, sikumdhania mtu. Niliona bega likishtuka, lakini ganda sikuliona lilipoingia. Ningesema bega, wote wangemrukia kama walivyonirukia mimi. Raia wakija kituoni, kila mmoja atakuwa na mtu anayemdhania. Filimbi ni ya askari asiyemkamata mtu kwa bega."

Afande Chilongola akaguna pale mlangoni. "Maneno mazuri. Lakini askari anayeficha alichokiona ni askari gani? Ulimlinda binti, kijana. Huenda ulimlinda kwa sababu nyingine, na sote tumewaona mkipanga foleni ya uji pamoja."

"Foleni ya uji inapangwa na wote, afande," Zebedayo akajibu.

Nyamizi akatazama chini. Sikuzani akamtazama Nyamizi. Bihemo akawatazama wote.

"Na wewe, Chilongola," akasema, "nani aliwafundisha watu kuapa kwa pamoja, kwa kelele, kabla hawajajipapasa miilini?"

"Sasa kosa ni langu, afande?"

"Sijasema ni lako. Sijasema si lako."

Akaichukua filimbi, akaifunga kiganjani, akawaambia watoke.

Kesho yake gwaride likapigwa. Wazazi walikaa jukwaani na miavuli yao. Mama yake Zebedayo alikuwepo, amekaa pembeni, kama mtu asiyetaka kuulizwa mwanaye mwingine yuko wapi. Watatu wakaitwa mbele: Sikuzani kushoto, Zebedayo katikati, Nyamizi kulia, kama walivyolala siku ile. Watu wakajaa mashaka. Waliomwamini mmoja hawakuwaamini wawili. Afande Bihemo akashuka jukwaani, ngumi imefungwa, mnyororo unaning'inia kati ya vidole. Akafika mbele yao. Akasimama.

Na mimi nasimama hapo hapo. Nimeifikisha filimbi kwenye ngumi ya Afande Bihemo, na sina nguvu ya kuifungua.

Ifungueni nyinyi. Mmoja alilala na moto mgongoni asiwahatarishe wenzake, kisha akamwacha mwenzake aungue kwa ajili yake, kisha akajitoa. Mmoja aliona, akasubiri, kisha akasema ukweli dhidi ya rafiki yake. Mmoja hakumtaja mtu, hata kwa kujiokoa, na pengine kwa kutotaja aliuficha ukweli. Mmoja kati yao kesho atapita mtaani kwako. Mwizi atakimbia, watu watapiga kelele, mwanao atakuwa amesimama karibu, na mtu mmoja atamnyooshea kidole: ni huyu!

Filimbi italia. Je, ungependa iwe mdomoni mwa nani?