Nyoka Hasomi Kibao cha Mlangoni

Nyoka hasomi kibao cha mlangoni. Ndivyo mwenyekiti wa mtaa alivyomkata kauli yule bwana aliyedai jana kikaoni kwamba mtaro uliojaa maji machafu ni wa mtaa wa pili, wala haumhusu. Nyinyi mkacheka kwa kuwa watu wazima walicheka, na leo mnanijia kuuliza huyo nyoka katoka wapi. Haya, kaeni, na anayetaka kuchezea simu akaichezee nje. Methali hii si ya wahenga wa kale kama mnavyodhani. Ilizaliwa juzijuzi tu, chuo kikuu, miongoni mwa watu waliosoma mpaka vitabu vikawachoka, na ilizaliwa kwa namna hii.

Huko milimani palikuwa na chuo, na ndani ya chuo hicho idara ya biolojia. Jengo lake lilikuwa refu, lenye ujia mmoja katikati na milango huku na huku. Kila mlango ulikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa jina la mwalimu, na chini ya jina, kile anachokichunguza. Profesa Mrutu, ndege. Daktari Mbilinyi, panya. Profesa Shekalaghe, nyoka. Kulikuwa na wa mbu, wa samaki, na mmoja aliyetumia maisha yake yote kwenye uyoga, na hakuna aliyemcheka. Mwisho kabisa wa ujia palikuwa na banda la vioo lenye joto na unyevu, na hapo ndipo alipofanya kazi mgeni wao, Daktari Kokushubila, mchunguzi wa kangaga, ile mimea ya kivulini isiyotoa ua.

Sasa idara hiyo ilikuwa na desturi yake. Mwalimu hakusema neno juu ya kiumbe cha mwenzake. Akiteleza, hata kwa mzaha, wenzake humwambia, "Soma kibao!" na chumba kizima hucheka. Kokushubila aliionja desturi hiyo mapema. Siku moja kwenye chai ya saa nne alisema kwamba ndege chozi anayekuja dirishani pake anaonekana kujenga kiota. Profesa Mrutu aliweka kikombe chini taratibu.

"Binti, mlangoni kwako pameandikwa ndege?"

"Hapana, Profesa."

"Basi soma kibao."

Walicheka, naye akacheka nao ili asionekane ameumia. Lakini aliumia. Aliapa moyoni kwamba hatatia tena mguu katika shamba la mtu.

Ikafika likizo ya shule. Kokushubila hakuwa na wa kumwachia binti yake, Kemilembe, mtoto wa darasa la pili, kwa hiyo alikuja naye kazini. Kemi alilipenda lile banda. Alitandika mkeka wake nyuma ya vyungu vya kangaga, akachora na kuimba peke yake, na joto likimzidi akalala.

Asubuhi moja, kabla Kemi hajatandika mkeka, mama mtu alikuwa akimwagilia. Akaona kitu chini ya rafu, cheupe na chepesi kama ganda la kitunguu. Alikivuta kwa kijiti. Kikatoka, kikaendelea kutoka. Lilikuwa gamba la nyoka, na urefu wake ulimzidi yeye mwenyewe. 

Alilibeba kwenye kijiti hadi mlangoni kwa Profesa Shekalaghe. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani alisikia masanduku yakiburutwa. Aliinua mkono abishe hodi. Macho yake yakaangukia kibao: nyoka. Akasikia vicheko vya chai masikioni mwake. Atamwambia nini profesa aliyewashika nyoka kabla yeye hajazaliwa? Bila shaka analijua gamba hili, huenda analitumia kufundishia. Mkono ukashuka. Gamba akalitupa kwenye pipa la taka, na siku ile akamweka Kemi karibu na meza yake. Siku zilizofuata hofu ilipungua, mtoto akarudi kwenye mkeka.

Na Shekalaghe je? Alikuwa na koboko, nyoka ambaye akimgonga mtu hampi muda wa kuaga. Alimfuga kwa ajili ya kuchunguza sumu yake. Kifuniko cha sanduku kililegea, akamkuta hayumo. Uongozi wa chuo ulikwisha kumwonya kwamba akipoteza nyoka mwingine, nyoka wote wataondolewa na kazi yake ya miaka itakwisha. Mzee wa watu akaona aibu ni kubwa kuliko hatari. Akajifungia, akatafuta peke yake, akaomba Mungu ampate kabla mtu hajajua.

Siku yenyewe walikuwa wanakunywa chai kama kawaida. Daktari Mbilinyi alikuwa amenuna.

"Panya wangu wa darini wamenyamaza," alisema. "Hata mitego haiguswi. Sijapata kuona."

"Afadhali wewe umepata kimya," alisema Profesa Mrutu. "Mimi shomoro wananitia wazimu. Kila adhuhuri wanapiga kelele juu ya paa, kule mwisho, upande wa banda la vioo. Wanalia kama wanaonyeshana adui."

Kokushubila aliacha kutafuna. Panya wamenyamaza. Ndege wanalia juu ya banda. Na lile gamba. Alimtazama Profesa Shekalaghe, akaona mzee yule ameweka kikombe chini bila kukionja, macho ameyaelekeza mwisho wa ujia.

"Profesa," alisema, "koboko wako yumo sandukuni?"

"Soma kibao!" alisema Mrutu, na watu wakaanza kucheka.

"Namuuliza Profesa Shekalaghe. Yumo?"

Shekalaghe alitazama chini. "Yumo," alisema.

Aliposema hivyo, Kokushubila alijua kwamba hayumo. Kiti kikaanguka nyuma yake. Ujia ule aliouzoea ulikuwa mrefu siku hiyo kuliko siku zote, na hakuweza kufikiri neno lolote isipokuwa jina la mtoto.

Kemi alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, kalamu za rangi zimetawanyika. Juu yake, kwenye bomba la maji, koboko alikuwa amejinyoosha, rangi yake kama ya bomba lenyewe. Kichwa kilikuwa kimeshuka mpaka usawa wa majani, ulimi unaingia na kutoka. Kokushubila alifungua kinywa, mkono ukamziba kutoka nyuma.

"Usimwite," alinong'ona Shekalaghe. Alikuwa anahema.

"Ni mwanangu."

"Najua, mama. Nyoka akishtuka atamgonga. Nisamehe. Nisamehe sana."

Fimbo yake ya kukamatia nyoka ilikuwa chumbani kwake, nyuma ya mlango wa kufuli. Mtoto alijigeuza usingizini. Hapakuwa na muda wa fimbo. Mzee alivua koti, akaingia, akaenda upande wa pili wa banda huku akikanyaga sakafu kwa kishindo, ili nyoka ageukie kwake. Nyoka akageuka, akainua kichwa, akafungua kinywa chake cheusi.

"Njoo huku," alisema mzee kwa upole. "Njoo kwa mwenyewe."

Nyoka alimgonga mkononi, juu kidogo ya kiwiko. Shekalaghe hakupiga kelele. Alimfunika kwa koti, akamshika shingo, akamsukumia kwenye pipa la mbolea, akafunga kifuniko na kukikalia. "Mtoe mtoto!" alisema, na Kokushubila alimnyakua Kemi akatoka naye akilia.

Dawa ya sumu ilikuwa hospitali ya mjini, chini kabisa ya mlima. Mrutu aliendesha gari kama mwendawazimu, Mbilinyi akimshikilia mgonjwa kiti cha nyuma. Kope za Shekalaghe zilikuwa zinaanguka zenyewe.

"Lakini alifikaje kwenye kangaga," Mrutu alilia, "na chumba chako kiko mwanzo kabisa wa ujia?"

Ulimi wa mzee ulikuwa mzito, lakini maneno yalisikika.

"Nyoka hasomi kibao cha mlangoni, Mrutu. Tunaosoma ni sisi."

 Mjini walifika wakiwa na maiti.

Msibani, mjane wake aliwauliza walimu ilikuwaje.  Kokushubila ndiye aliyetangulia kusema, Kemi akiwa amemshika kanga. "Mimi niliona gamba, mama. Nikaogopa kuchekwa, nikalitupa." Mbilinyi akasema panya walitoweka, naye akasubiri warudi. Mrutu akasema ndege walilia juu ya banda, naye akalalamikia kelele tu.

"Kwa hiyo wote mlijua?" aliuliza mjane.

"Hapana, mama," alisema Mbilinyi. "Kila mmoja alijua kipande chake tu."

Yule mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, wasomi wazima, vichwa vimeinama.

"Vipande ni vyenu," alisema. "Nyoka alikuwa mzima."

Haya, wanangu. Mbu wa mtaro ule hawatauliza mtaa unaishia wapi. Mwenyekiti alimaliza maneno pale aliposema: nyoka hasomi kibao cha mlangoni.