Kishoka cha Nshoma

Mwenye mpini mfupi husikia mti. Ndivyo alivyosema mjomba wenu Kapaya jana, pale baba yenu alipokuwa akimtumia dada yenu maneno makali juu ya ndoa yake kupitia midomo ya watu. Mlicheka, mkidhani mzee amechanganya habari za kuni na habari za ndoa. Leo mnaniuliza asili yake huku mnanimalizia mihogo. Haya, tafuneni polepole, maana hii ni habari ya watu waliotembea na kiu, nami siwezi kuisimulia kwa haraka.

Neno hilo lilizaliwa hivi. Palikuwa na watu ambao visima vyao vilikauka, wakaamua kuhamia mtoni, ng'ambo ya pori. Kabla ya kuondoka, kila mtu mzima alikwenda kwa mhunzi kuchukua chuma cha shoka, kwa sababu huko waendako kulikuwa msitu mtupu, na asiye na shoka asingejenga. Mhunzi alivipanga vyuma vyake juu ya ngozi. Wanaume walinyakua vile vikubwa, wakapimana navyo vifua. Nshoma, mke wa Luhende, aliketi chini, akavigonga kimoja kimoja kwa ukucha na kuvisogeza sikioni. Akachagua kidogo, chembamba shingoni, kilicholia kwa muda mrefu kabla ya kunyamaza. Mhunzi akamwambia kuwa hicho hakina ufa, kisha akarudi kwenye mivukuto yake.

Mpini aliuchonga mwenyewe kwa mkole, mti unaopinda bila kuvunjika upesi. Akautoboa kichwani kwa chuma cha moto, akapitisha mkia wa shoka, ukakaa sawasawa. Mwanzoni mpini huo ulikuwa mrefu kama wa watu wote. Lakini Nshoma alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, na kadiri tumbo lilivyokua, kila akizungusha shoka mpini ulimgonga. Basi akaukata, ukabaki urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwishoni akachonga kifundo ili usimponyoke, akauzungushia ukanda wa ngozi ya mbuzi. Kikawa kishoka cha mkono mmoja, cha kuchomeka kiunoni.

Luhende alipokiona alicheka hadi akakaa chini. Shoka lake yeye lilimfika kifuani, na mabega ya kuliinua alikuwa nayo. Akamwuliza mkewe kama anakwenda kuwachanjia panya kuni. Nshoma akamjibu kwamba panya nao wana njaa zao. Walipendana wale, msije mkadhani vingine, na utani ulikuwa chumvi ya nyumba yao.

Waliingia porini mwishoni mwa kiangazi. Ni ule wakati ambapo mvua bado haijanyesha, lakini miti imekwisha kuchipua majani mekundu, na mwanga unaopita humo hugeuka mwekundu pia, hata juu ya nyuso za watu. Wakatembea ndani ya wekundu huo nusu wamelala. Vibuyu vikakauka. Watu wakaacha kuzungumza, kisha wakaacha hata kulalamika. Nshoma aliona ziwa mbele yake, akalifuata, nalo likawa linarudi nyuma taratibu kila alipolikaribia, wala hakulikasirikia. Mtoto aligeuka tumboni, na mama akahisi mle ndani kama maji yanayotikiswa kibuyuni. Akamwonea wivu mtoto wake mwenyewe.

Nyuma yake vijana walibeba machela, na juu ya machela alilala Wande, mama yake Luhende. Hapo kwanza bibi huyo alikuwa akiomba maji. Baadaye akawa anamsimulia mtu asiyeonekana habari za harusi yake, anacheka peke yake, anauliza ngoma ziko wapi. Asubuhi ile alikuwa kimya, na midomo yake imepasuka. Luhende hakuwa na mzazi mwingine. Alijua kwamba jua likizama bila maji, watakuwa wanachimba kaburi.

Ndipo alipoona njiwa wakitua kwenye panda ya mti mnene na kuchelewa kuruka. Wazee wa pori walijua maana yake. Miti mingine huoza moyo, na maji ya mvua huingia juu kwenye panda na kukaa ndani ya shina mwaka mzima. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kupanda. Luhende alishika shoka lake refu, akasimama mbali kama anavyosimama mkataji hodari, akaupiga. Vibanzi vya mti viliruka. Mti ukalia, ukainama, ukaanguka, na shina likapasuka kwenye jiwe.

Maji yalitoka yote kwa pamoja. Yalikuwa mengi, yaling'aa, yalipiga kelele ya kupendeza, na mchanga uliyameza kabla mtu hajapiga magoti. Walibaki wakilamba udongo. Luhende alisimama na shoka mkononi akitazama ule unyevu unavyofifia, na watu waliona aibu kumtazama.

Wakaendelea, kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya. Jua lilikuwa limeanza kuinama walipoona mti mwingine na njiwa wengine. Luhende alitema mate makavu viganjani, akainua shoka. Nshoma akaja akasimama kati yake na shina.

"Sogea, mke wangu," Luhende alisema. "Nitaukata upande huu, uanguke taratibu."

"Hakuna mti unaoanguka taratibu. Niache kwanza."

"Kwa hicho kishoka chako? Mama anakufa, Nshoma."

"Najua anakufa. Ndiyo maana nasema niache."

Luhende alishusha shoka, labda kwa sababu mikono ilikuwa imechoka. Nshoma akachomoa kishoka. Kwa mpini ule hakuweza kusimama mbali hata angetaka. Ilimbidi aukumbatie mti, tumbo limegusa gome, shavu limegusa gome. Akagonga kwa kisogo cha shoka, chini kabisa, polepole. Mti ukajibu kikavu. Akapandisha mkono kidogo, akagonga tena, ukajibu vilevile. Alisema baadaye kwamba alisahau yuko wapi, kwamba alidhani anabisha hodi kwenye nyumba ya mtu anayemfahamu. Alipofika usawa wa bega, sauti ilizama. Akafumba macho, akagonga juu yake, akagonga chini yake, akarudi palepale.

Hapo akaanza kutoboa. Alikata vipande vidogo vidogo, anapuliza unga wa mti, anasikiliza, anakata tena. Gome likalowa. Akachomeka kijiti chenye uwazi ndani ya tundu, na maji ya rangi ya majani makavu yakaanza kutiririka kibuyuni, membamba, bila haraka. Walipokijaza, waliziba tundu kwa nta na kumpelekea Wande.

Bibi alilowa midomo, akameza, akakohoa. Muda mrefu ukapita. Kisha akafungua macho na kumtazama mkwewe kwa ukali.

"Maji haya yamechacha," alisema, akaomba mengine.

Luhende alilia mbele za watu, na hakujificha. Baada ya wote kunywa alimwendea mkewe, aliyekuwa ameegemea ule mti.

"Nimekata miti tangu nilipoweza kuinua shoka," alimwambia. "Sijasikia mti hata siku moja."

"Ungesikiaje, mwenzangu? Ulikuwa unasimama mbali."

Luhende alikiomba kishoka, akalilaza shoka lake juu ya gogo, akaukata mpini wake kati. Kile kipande kilichoanguka alikitia motoni, kikampikia mama yake uji. Vijana walisikitika, wakamwuliza kwa nini ameliharibu shoka zuri namna ile, shoka ambalo kila mtu alilitamani. Luhende alimtazama Wande, ambaye sasa alikuwa ameketi na kugombana na watu kuhusu chumvi ya uji.

"Leo nilikuwa na nguvu kuliko ninyi nyote," akasema, "na nikamwaga maji ya mama yangu mchangani. Mwenye mpini mfupi husikia mti."