Fisi Alivyokula Kiapo

"Nije nisije?"

"Njoo!"

"Nije mikono mitupu?"

"Njoo na uongo wako, tunaupenda!"

Basi tulieni. Na wewe uliye nyuma, acha kutafuna, maana ya leo ni ya mlafi.

Hapo kale kesi zilirundikana nyikani mpaka washtakiwa wakazeekea rumande. Simba, mfalme, akachoka. Fisi, hakimu, akamwendea, akainama, akasema, "Mfalme, wanaochelewesha kesi ni wazee wa baraza. Kobe anaanza swali asubuhi, analimaliza jioni. Waondoe, nihukumu peke yangu. Na mshtakiwa akikiri, apunguziwe adhabu nusu, mambo yaende haraka." Simba akakubali. Wazee wakarudishwa makwao, Kobe akiwa bado katikati ya swali.

Wiki ile ile paja la nyati la Simba likaibwa ghalani. Likakutwa mlangoni kwa Bi Pelele, mnyama mdogo wa mwambani, limeng'atwa upande mmoja. Bi Pelele ni mla majani tangu enzi za bibi yake. Hakuulizwa. Akakamatwa, buru, buru, mpaka mahakamani. Watoto wake watatu akawaacha mwambani, hata kunyonya hawajamaliza.

Mahakama ilijaa. Simba alikaa kando. Tembo alisimama pembeni akingoja kazi yake, maana adhabu ya kumwibia mfalme ilikuwa kukaliwa na Tembo, kichwa mpaka mkia. Paja liko mezani, limefungwa kwa majani ya mgomba.

Bi Pelele akawatafuta kwa macho wazee wa baraza, ambao wangeuliza jambo moja tu: pelele kaanza lini kula nyama? Benchi lao lilikuwa tupu. Hapo akaogopa kweli kweli.

"Kiri," Fisi akasema. "Ukikiri, Tembo atakukalia nusu tu. Kiunoni mpaka mkiani."

"Mkia sina, Mheshimiwa."

"Basi umepata nafuu zaidi. Kiri."

Tembo akasogea hatua moja, tuu. Vumbi likampanda Bi Pelele puani. Akamtazama hakimu, akaona macho yake hayako kwa mshtakiwa. Yako mezani. Mate yanamtoka, churu, churu.

"Nitakiri, Mheshimiwa," akasema. "Ila hakimu wa peke yake, kabla ya kuhukumu, hula kiapo. Wewe umeshakula?"

Fisi akasimamisha masikio. "Kiapo kinaliwa?"

"Waulize hawa. Hakimu hula nini?"

"Hula kiapo," wanyama wakaitika.

"Kiko wapi?"

Bi Pelele akaonyesha meza.

"Hicho ni kidhibiti," Fisi akasema, lakini ulimi ulikuwa nje tayari.

"Kwangu mimi mshtakiwa ni kidhibiti. Kwa hakimu ni kiapo. Na hakiliwi nusu."

Wazee wangekuwepo, wangemvuta joho wakamnong'oneza sikioni. Hakukuwa na wa kumvuta. Fisi akararua majani, chwa. Akala nyama, nyafu, nyafu. Akala mfupa, kacha, kacha. Akalamba na meza.

Simba akasimama polepole. "Paja langu liko wapi?"

"Nimekula kiapo, Mfalme."

"Nimeuliza paja."

Fisi akatazama meza, akamtazama mfalme. "Nimekula," akasema kwa sauti ndogo.

"Amekiri, Mfalme," Bi Pelele akasema. "Sheria yake inampa nusu."

Tembo akageuka, akalenga, akakaa. Puu! Kiunoni mpaka mkiani. Ndiyo maana mpaka leo Fisi mbele yuko juu, nyuma kabonyea.

Bi Pelele hakungoja kusomewa kwamba yuko huru. Alipanda mwamba mbio, akawakuta wanawe wanalia, akawanyonyesha.

Basi hadithi hii yatufunza kwamba wazee wa baraza hawana kazi yoyote mahakamani, wanajaza benchi tu. Na hakimu akiwa na njaa, jamani, mpeni kwanza ale.

Hadithi imesomwa, muhuri umepigwa, rufaa hakuna. Haya, inukeni mwende.