Mziwaziwa wa Bi Chausiku

Haya nitakayoyasimulia yametokea Ukonga, tena mchana kweupe. Nikitia chumvi hata punje moja, ulimi wangu na uote nywele.

Jumamosi ya usafi, mjumbe wa mtaa, Mzee Shomari, alipita nyumba hadi nyumba, kifua mbele kama jogoo aliyepewa cheo. Mlangoni kwa Bi Chausiku akakuta mziwaziwa umetambaa ardhini, majani yake madogo yamejaa vumbi.

"Magugu haya yang'olewe!" akafoka.

"Shikamoo kwanza," akasema Bi Chausiku, aliyemzidi miaka kumi.

"Shikamoo. Yang'olewe!"

"Marahaba. Hayang'olewi. Huu tunawachemshia wenye pumu na wanaoharisha, na utomvu wake unaondoa chunjua."

"Mambo ya kizamani! Sie wenzako tuna hospitali."

Bi Chausiku akakaa kitako katikati ya magugu yake, akanyoosha miguu. "Basi jembe lianzie mgongoni kwangu."

Majirani wakaangua kicheko. Shomari akaondoka amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Haukupita mwezi, binti yake akachumbiwa. Siku ya ndoa, baba ndiye angeshikana mkono na bwana harusi mbele ya shehe, simu zote zikirekodi. Na kiganja cha kulia cha Shomari kilikuwa kimeota chunjua saba, kama ganda la fenesi. Dawa za dukani zilimbabua, chunjua zikabaki.

"Baba," binti akamwambia, "kwa mkono huo, bora anioze baba mdogo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko dawa. Akajikokota hadi kwa Bi Chausiku.

"Shikamoo, dada. Nichumie kidogo."

"Marahaba. Mie sichumi. Inama mwenyewe, hapo hapo, majirani wakuone."

Akainama. Akavunja kijiti, utomvu mweupe ukamdondokea kiganjani. Jioni hiyo hiyo chunjua zote saba zikaruka kama bisi sufuriani!

Nilipomsomea Bi Chausiku hadithi hii, alinikatiza hapo.

"Jioni moja? Umeinama hapa wiki tatu, kila asubuhi! Na huyo Shomari ni nani, Mwishehe, kama si wewe?"

Nikakosa pa kujificha. Akanitoza faini: niisome upya kwenye mkutano wa mtaa, kwa jina langu, mkono wa kulia juu. Nimeisoma. Wamenicheka mpaka machozi yakawatoka, na mziwaziwa hakuna aliyeugusa. Kwa kinywa changu mwenyewe nimekiri: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.