Kufuli la Ramani ya Maji

Sogeeni, na mwenye maji ya kunywa mkononi ayaweke chini kwanza, maana kisa hiki kinatia kichefuchefu.

Ofisi ya maji ya mji mmoja ilikuwa na watu watatu, wote wa mkataba, wote wakililia ajira ya kudumu. Zawena alichora mabomba ya maji safi kwa kompyuta ya Windows. Kipaji chake kilikuwa kufunga: akishafungua faili la ramani, kompyuta nyingine yoyote ya Windows haiwezi kuligusa mpaka yeye atoke. Mbaruku alichora mabomba ya maji taka kwa mashine ya UNIX, mfumo mwingine wa kompyuta. Kipaji chake kilikuwa wepesi: upande wake kufuli ni kama kibao cha "Usiingie", mstaarabu husoma akarudi, mwenye haraka hupita. Tegemea alitunza seva, kompyuta kuu ilikokaa ramani yenyewe. Kipaji chake kilikuwa kupatanisha: alizifanya mashine hizo mbili zisizoelewana zile sahani moja.

Siku hiyo Zawena aliifungua ramani, akaiacha kwenye skrini, akaenda zake kusukwa nywele. Ndiyo tabia yake. Kwake ni bora ramani ilale na kufuli kuliko iguswe na mtu. Mbaruku akaingia kwa upande wake bila kubisha, akachora bomba jipya la maji taka lililokwisha kulazwa nyuma ya soko, akasevu. Zawena aliporudi akasevu ya kwake, iliyokuwa ya zamani, na kazi ya Mbaruku ikafutika bila mtu kujua.

Mafundi wakaenda kuchimba nyuma ya soko, wakikwepa bomba la maji safi, kwa kuwa kando yake ramani ilionyesha hapana kitu. Katapila likapasua bomba la maji taka, na kishindo kikalipasua na lile la maji safi.

Kesho yake Tegemea alifungua bomba amwoshe mwanawe uso. Yakatoka maji ya rangi ya chai, yananuka choo. Mtoto alikuwa ameshakunywa kikombe kizima. Tegemea akatapika palepale, kisha akambeba mbio hospitali, akakuta wodi imejaa watoto wa mtaa mzima wanaharisha. Akamwachia dada yake mtoto, akaenda kazini.

Huko aliwakuta wenzake wameivamia ramani wote wawili kwa kiwewe, na faili limeharibika, halifunguki tena. Tegemea akatoa nakala ya akiba. Mbaruku akatoa vipimo vya bomba lake, wakajua lilipopasuka. Zawena akaonyesha koki ipi, katika zote zilizofukiwa ardhini, inalisha bomba lile la maji safi. Koki ikafungwa, uchafu ukakoma. Angekosekana mmoja wao, mji ungeendelea kunywa kinyesi.

Meneja, Mama Mwasha, akawaita. "Nafasi ya kudumu ni moja. Atakayeipata ndiye atakayeishika ramani."

"Mimi nilifunga, mama," alisema Zawena. "Aliyeruka kufuli ni huyu. Na hiyo koki nani aliijua?"

"Ulifunga ukaenda saluni!" alifoka Mbaruku. "Mimi nilitumwa kwa haraka, na aliyenituma ni mama mwenyewe. Bila vipimo vyangu tungekuwa tunapapasa mpaka sasa."

Tegemea aliwatazama kwa kinyaa. Watoto wako kwenye dripu, na hawa wanagombea cheo! Akafungua mdomo ataje nakala yake ya akiba, akakumbuka jambo. Kwenye seva kulikuwa na mpangilio unaoilazimisha UNIX iheshimu kufuli la Windows, na yeye ndiye aliyeuzima, baada ya hao wawili kumlalamikia kila kukicha kwamba unachelewesha kazi: Mbaruku anafungiwa nje, Zawena ramani inamfungukia polepole.

"Na wewe, Tegemea?" aliuliza Mama Mwasha.

"Kufuli niliondoa mimi, mama. Waliniomba, nikakubali. Na nakala ya akiba pia ni yangu."

Wenzake wakamtazama kwa kinyaa kilekile alichowatazama nacho yeye.

Basi, ndugu zangu, kesho mabomba yanafunguliwa, na watoto watakunywa tena. Kuna anayefunga akaondoka, kuna anayeingia bila kubisha, na kuna anayelegeza akiombwa. Mwingine hayupo, na lazima mmoja wao ashike ramani ya maji wanayokunywa wanao. Je, wewe ungemkabidhi nani?